Mume yuko Dodoma, jimbo zima liko barazani kwangu: nifanyeje?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa Kanda ya Ziwa, na mume wangu ni mbunge wa muhula wa kwanza. Tangu Bunge la Bajeti lianze mwezi wa nne amekuja nyumbani mara mbili tu, na mara zote alikuja na watu. Naishi na watoto wetu watatu, mama mkwe na dada wa kazi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kuna watu barazani: huyu ana msiba, yule anadaiwa hospitali, mwingine kaleta kadi ya harusi. Nikiwapa, mshahara wangu hauvuki tarehe kumi na tano. Nisipowapa, wanasema mke wa mheshimiwa anaringa. Kijana wetu wa kidato cha pili ameanza kunijibu vibaya, na baba yake akija humpa kila anachotaka kisha huyoo, ameondoka. Tukikutana tunagombana usiku wa kwanza. Kuna namba nisiyoijua inayonitumia ujumbe kwamba ana mwanamke Dodoma. Mambo mengi simwelezi kwa sababu sitaki kumvuruga akiwa kazini. Najiona kama mjane mwenye mume. Je, niache kazi nihamie Dodoma, au nivumilie mpaka muhula uishe?"

Jibu: Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo lililonigusa kuliko yote halimo katika swali lako la mwisho. Umeniuliza kama uhame au uvumilie, ilhali maelezo yako yote yanaonyesha mwanamke aliyekabidhiwa kazi za watu wawili, mama wa nyumba na mwakilishi wa mbunge, bila kukabidhiwa mamlaka ya kuamua jambo lolote kati ya hayo. Unagawa fedha usizopangiwa, unalea mtoto kwa kanuni zinazofutwa kila baba anapofika, na unapokea wageni ambao hukuwaita. Hilo usipolishughulikia litakufuata hata ukihamia mtaa wa pili kutoka ukumbi wa Bunge, na ndiyo maana nitaanza nalo kabla sijafika kwenye swali la kuhama.

Watu wengi huamini kwamba umbali ndio unaoua ndoa. Ungekuwa kweli umbali, basi huko kwenu Ziwa Victoria kusingekuwa na ndoa ya mvuvi wa dagaa iliyosimama, kwa kuwa mvuvi huyo hukaa kambini siku zote ambazo usiku hauna mwezi na kurudi nyumbani mbalamwezi inapong'aa. Mke wake hupata shida zake, lakini anajua mume atarudi lini, anajua fedha ya matumizi imeachwa kiasi gani, na anajua kwamba siku mume hayupo, yeye ndiye msemaji wa mwisho wa nyumba ile. Wewe huna hata kimoja katika hivyo. Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, ambaye katika miaka ya 1970 alizichunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba kinachoielemea familia zaidi ni kutojua kama mtu wao yumo au hayumo. Mume wako ni mzima na anapokea simu, kwa hiyo sikufananishi na wake wale, ila utaratibu wa akili ni ule ule: sauti yake iko redioni, picha yake iko ukutani mwa ofisi ya kata, jina lake liko midomoni mwa kila anayegonga mlango wako, lakini gesi ikiisha au mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku, hayupo. Akili haiwezi kumsubiri mtu na wakati huo huo kujipanga kuishi bila yeye. Uchovu unaouita ujane unatoka hapo, na haumaanishi kwamba mapenzi yamekwisha.

Ugomvi wa usiku wa kwanza nao una maelezo yake. Wewe umehesabu siku ukimsubiri aje akutue mzigo. Yeye amehesabu siku akiisubiri nyumba impumzishe. Kila mmoja anamdai mwenzake kitu ambacho mwenzake naye amekuja kukidai. Tena katika majuma aliyokuwa mbali, wewe umeweka taratibu zako, nani analala wapi, simu ya kijana inachukuliwa saa ngapi, mama mkwe anakula nini, na yeye anaingia mlangoni akidhani nyumba ni ile ile aliyoiacha. Wake wa wanajeshi, wa mabaharia na wa madereva wa malori ya masafa marefu hunieleza jambo hili kwa maneno yanayokaribia kufanana. Ushauri wangu ni kwamba usiku wa kwanza usibebe hesabu wala mashtaka. Ale, aoge, aongee na mama yake, alale. Lakini kabla hajalala mpe miadi ya siku ya pili, saa mnayoijua wote wawili, mkae peke yenu bila katibu, bila dereva, bila simu. Na umwombe, hili ulisisitize, kwamba msafara wake uishie ofisini. Atakayevuka kizingiti cha nyumba jioni ile awe yeye peke yake.

Sasa niruhusu nikupinge. Umesema mambo mengi humwelezi ili usimvuruge. Najua nia yako ni njema, na najua wanawake wengi wamefundwa hivyo, kwamba mume aliye kwenye kazi kubwa hapelekewi kelele za jikoni. Lakini tazama kinachotokea baadaye: habari za nyumba yake anazipata kwa katibu, kwa mama yake au kwa diwani, zikiwa zimekwisha kuongezwa chumvi, naye anarudi akiwa na hukumu mkononi kabla hajakusikiliza. Vilevile mtu asiyeambiwa kwamba nyumba ina shida huamini kwa dhati kwamba haina, na pengine anapowaambia wenzake kwamba mke wake anaiweza nyumba, anadhani anakusifu.

Bunge lina ratiba, na ratiba hiyo inaweza kukusaidia. Vikao huanza asubuhi kwa maswali, huahirishwa mchana, hurudi jioni na kuendelea hadi usiku. Alhamisi asubuhi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na Jumamosi na Jumapili kwa kawaida hakuna kikao. Ukimpigia saa nne asubuhi utapata "nitakupigia", na mara nyingi hatapiga. Chagueni muda mmoja wa kudumu, kwa mfano mapumziko ya mchana siku mbili za juma na Jumapili jioni, na simu ya Jumapili iwe ndefu. Katika simu hizo peleka jambo moja linalohitaji uamuzi, ukilitaja waziwazi kwamba ni uamuzi, kisha habari za watoto, kisha habari zenu ninyi wawili. Simu inayojaa matatizo peke yake huanza kuogopwa na mpokeaji, na simu ya "hamjambo, hatujambo" haimjengi mtu yeyote.

Nije sasa barazani, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona unaumia kila siku. Wananchi wanaokuja kwako hawana ubaya. Wamezoea kwamba mbunge ndiye hospitali, ndiye shule, ndiye jeneza, na asipokuwepo mbunge basi yupo mke wake. Wengi pia wanaamini kwamba kuna fedha za jimbo zimewekwa ndani kwenu. Ukweli ni kwamba Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa miradi ya wananchi, mabati ya zahanati, madawati, kisima, na unasimamiwa na kamati ambayo mbunge ni mwenyekiti wake. Hautoi rambirambi wala mchango wa harusi. Kinachotoka mfukoni mwako pale mlangoni ni mshahara wa mwalimu, na una haki ya kulisema jambo hilo bila aibu.

Fanya hivi. Tafuta daftari la kurasa nyingi, liwekwe na dada wa kazi karibu na mlango. Kila anayekuja aandikwe jina, kijiji au mtaa, shida yake na namba ya simu. Kila Jumatatu na Alhamisi daftari lipelekwe kwa katibu wa mbunge, ambaye ndiye mwenye kazi hiyo. Wewe ubaki na maneno machache ya heshima: "Karibu, nimekusikia, shida yako imeandikwa na itafika ofisini, mimi hapa nyumbani sina fungu." Wengi utaweza kuwaelekeza mahali penye msaada halisi. Anayeomba ada ya sekondari ya serikali mkumbushe kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, hivyo muulize hasa anadaiwa nini, kwa kuwa mara nyingi utakuta ni sare au mchango ambao mkuu wa shule anaweza kuuzungumza. Aliyefaulu kwenda chuo kikuu aombe Bodi ya Mikopo. Mgonjwa asiye na uwezo aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye anayepima nani asamehewe gharama. Kikundi cha akina mama kinachotaka mtaji kimwone ofisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ambayo asilimia nne yake ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Wewe ni mwalimu. Kumweleza mtu njia ni kazi unayoiweza, na haikutoi shilingi.

Misiba naiweka pembeni, maana kwetu mwenye msiba harudishwi mlangoni. Kwa hiyo wewe na mume wako mpange kiasi cha mwezi cha rambirambi, kitoke kwake, kikabidhiwe kwa katibu au kwa mtu mzima mnayemwamini, na kikiisha kiwe kimeisha mpaka mwezi ujao. Sitakuficha kwamba utaratibu huu una gharama ya kisiasa. Majuma ya mwanzo yatakuwa na maneno, na wapo watakaosema unawafungia watu. Gharama hiyo aibebe yeye: aseme mwenyewe kwenye mkutano wa hadhara, kwa sauti yake, kwamba shida za jimbo zinapokelewa ofisini na kwamba nyumbani kwake ni kwa watoto wake. Likitoka kinywani mwako litaitwa maringo, likitoka kwake litaitwa utaratibu.

Na kuhusu watu wanaoleta badala ya kuomba, uwe mkali. Mzabuni akikuletea mbuzi, mchele wa gunia au bahasha "ya watoto" wakati mheshimiwa hayupo, usipokee, na umjulishe mume wako siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa maandishi. Mbunge ni kiongozi wa umma anayefungwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na zawadi iliyopokewa jikoni na mke haiwi nje ya macho ya sheria eti kwa sababu yeye alikuwa Dodoma.

Sheria hiyo hiyo inagusa jambo lingine ambalo barua yako haikulitaja, nami naona ni lazima mlizungumze: madeni. Kila mwaka mume wako anatakiwa kutoa tamko la mali na madeni, yakiwemo ya mwenza wake na ya watoto wao wadogo wasio na ndoa. Maana yake ni kwamba kiwanja chako na akiba yako ya kikoba vinahusika katika fomu yake, na huwezi kuendelea kuishi bila kujua naye ana nini na anadaiwa nini. Wabunge wengi huingia Bungeni wakiwa na madeni ya kampeni, na maisha ya nyumbani hupanda haraka kuliko kipato kinachobaki baada ya makato. Muhula ni miaka mitano, na kura za maoni ndani ya chama hazina huruma. Omba kuona mikataba ya mikopo, kwa adabu lakini bila kukubali kuahirishwa. Ukiletewa fomu ya benki ya kuridhia nyumba mnayoishi iwekwe rehani, usitie saini siku hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yako kwa nyumba ya ndoa, na ridhaa ya mtu asiyeelewa deni si ridhaa. Sikwambii haya ili ufikirie mahakama. Nakwambia kwa sababu huenda unajiona kama mtu anayekula cha mume, na hilo si kweli hata mbele ya sheria: tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Wewe unafanya kazi za nyumbani na bado unafundisha.

Kijana wako simwoni kama mtoto aliyeharibika. Ana umri wa kumtafuta baba, na baba yake ni mali ya kila mtu. Shuleni pengine anasikia kwamba barabara ya kata fulani haijatengenezwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeahidi. Hasira hiyo hawezi kumtupia baba anayekuja kwa siku mbili na kuondoka, kwa hiyo anakutupia wewe, kwa sababu wewe hutaondoka. Baba anapompa simu mpya au fedha, anamlipa mtoto fidia ya kutokuwepo, na kila mara anapofanya hivyo anakupunguzia wewe sauti ndani ya nyumba. Mkubaliane jambo moja: ombi lolote la mtoto linalozidi matumizi ya kawaida hujibiwa na wazazi wote wawili, na jibu la baba siku zote liwe "nitazungumza na mama yako kwanza." Kisha mpe baba kazi ya malezi inayowezekana kwa mbali. Kijana apige picha ukurasa wa daftari la hisabati kila Jumanne jioni na kumtumia baba yake, na baba ampigie yeye, si wewe, waongee juu ya ukurasa ule hata kwa dakika kumi. Pia baba awe na namba ya mwalimu wa darasa na ampigie mwenyewe. Mtoto anayejua kwamba baba anaona alama zake hana haja ya kumtafuta kwa utovu wa adabu.

Kuhusu namba usiyoijua, nitasema bila kupaka rangi. Safari ndefu na fedha mkononi huleta vishawishi, na siwezi kukuhakikishia kwamba mume wako ni mwaminifu. Lakini pia siasa ina watu wanaojua kwamba njia rahisi ya kumyumbisha mbunge ni kumtia moto mke wake, na mtu anayekupenda kweli hakutumii habari kama hizo bila jina. Usijibu, usifute, usiwaonyeshe wifi zako wala mashoga wa kazini. Mwonyeshe mume wako ana kwa ana, siku ile ya miadi, umwulize swali moja la wazi, kisha umwache ajibu mpaka mwisho. Kumvizia simu usiku kutakupa wasiwasi zaidi ya ukweli. Jambo ambalo ni haki yako kabisa, awe na hatia au hana, ni kwenda kupima afya pamoja, ikiwemo virusi vya Ukimwi. Akikataa, nenda upime wewe na uzungumze na mshauri wa kituo namna ya kujikinga. Hapo usione haya.

Na Dodoma je? Kuacha kazi sikushauri. Mshahara wako ni mdogo kuliko posho zake, lakini wa kwako hauendi kwenye kura kila baada ya miaka mitano. Kama mnataka kuishi pamoja, njia ya mwalimu ni kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na hata huo nisingependa uwahi kabla kijana hajamaliza upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili mwishoni mwa mwaka. Pima pia jambo hili: Bunge halikai mwaka mzima. Mkutano wa bajeti ndio mrefu, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Mikutano mingine ni ya majuma machache, ikitanguliwa na vikao vya kamati. Bunge likiahirishwa, mume wako atarudi jimboni, na wewe uliyehamia utabaki Dodoma bila mama mkwe, bila majirani wako na bila yeye. Kwa mke ambaye jimbo lao liko Morogoro au Dar es Salaam, ambako treni ya umeme imefupisha safari, ningesema vingine. Kwako nadhani linalofaa ni wewe na watoto kwenda kwake wakati wa likizo ya shule ya mwezi wa sita, mkae hata juma zima, waone anapolala na anapofanyia kazi, huku mama mkwe akibaki na ndugu. Kutakusaidia kuliko unavyodhani, maana wasiwasi mwingi hujengwa juu ya chumba ambacho mtu hajawahi kukiona.

Kuvumilia mpaka muhula uishe, kwa namna unavyovumilia sasa, ndilo chaguo ninalolikataa moja kwa moja. Ukikaa kimya miaka mitano utampokea mgeni, na huenda akataka kugombea tena.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi kuyatibu. Ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili hulali, huli, unalia bila sababu au huoni raha ya kitu chochote, nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, nao unatibika na hauchagui cheo. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, usiende peke yako. Akikupiga au kukutishia, ubunge wake haumfungii mtu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kuhusu watoto kuna namba ya bure 116. Kama miadi ya siku ya pili ikishindikana mara mbili, tafuteni mtu wa tatu. Ningeanza na mshauri nasaha wa mji mwingine, kwa sababu kwenu kila mtu ni mpiga kura, na hata kiongozi wa dini anayewafahamu wote wawili anaweza kuona vigumu kumkosoa mheshimiwa. Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata lipo pia, nalo ndilo sheria inalolitaja kabla ya shauri la talaka, ila mambo yenu hayajafika huko. Mume akisema hana nafasi ya kwenda kwa mshauri, nenda wewe peke yako. Mwezi wa saba, mara tu baada ya Bunge kuahirishwa, ni wakati mzuri wa kumwalika aje kikao cha pili.